Nairobi na London: Njia Moja, Siku Nyingi na Saa Chache

Leo tutapima njia. Mwenye ramani ya dunia na aitandike mezani, na asiye na ramani na asogee kwa jirani yake. Tafuteni Nairobi, karibu na mstari wa Ikweta, kidogo upande wa kusini. Wekeni kidole hapo. Sasa pandeni na kidole mpaka kaskazini, mpite Sudan, Misri na Bahari ya Kati, mpite Ulaya, mfike kisiwa cha Uingereza. London ndipo hapo.

Njia ya ndege iliyonyoka kati ya miji hii miwili ni yapata kilomita 6,800, yaani maili 4,200 na kitu. Leo ndege hufika kwa saa nane na nusu au tisa hivi bila kutua popote. Mtu hula chakula cha jioni mji mmoja, na chakula cha asubuhi mji mwingine.

Huenda mtu akauliza: kwa nini tushughulike na njia hii, na wengi wetu hatukupata kuisafiri? Sababu ni hii. Tangu mwaka 1895, Serikali ya Uingereza ilipoitwaa nchi iliyoitwa baadaye Kenya, mpaka Desemba 1963 Kenya ilipojitawala, mambo makubwa ya nchi yalikatwa London. Mtu aliyenyang'anywa shamba huko Kiambu hakuweza kumaliza shauri lake Kiambu. Neno lake lilipaswa kuvuka bahari. Kwa hiyo urefu wa njia hii haukuwa habari ya wafanya biashara na watalii peke yao. Ulikuwa pia habari ya nani atasikiwa, na atasikiwa lini.

Tuanze na miguu. Kutoka Mombasa mpaka mahali palipo Nairobi ni kilomita 530 hivi. Msafara wa wapagazi, wenye mizigo kichwani, ukienda kilomita 15 kwa siku, utahitaji siku ngapi? Gawanyeni 530 kwa 15. Mtapata siku 35 na ushei, na hapo hatukuhesabu siku za kupumzika, wala za kutafuta maji katika nyika ya Taru. Tena Nairobi yenyewe haikuwa mji. Palikuwa mahali pa maji baridi tu, ambapo Wamasai walinywesha ng'ombe zao, na jina la mji limetoka kwao. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapo mwaka 1899, ndipo vibanda na mahema yakageuka mji. Tangu hapo siku 35 za miguu zikawa kama siku moja ya gari la moshi.

Baada ya reli ilibaki bahari. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, hivyo meli hazikuhitaji tena kuizunguka Afrika yote. Kutoka Mombasa meli ilipanda mpaka Aden, ikaingia Bahari ya Shamu, ikapita Suez, ikatokea Bahari ya Kati. Abiria wengi waliteremka Marseilles katika Ufaransa, wakamalizia kwa gari la moshi na meli ndogo ya kuvuka mlango wa bahari. Yote pamoja yalikuwa kama majuma matatu.

Sasa msikilize habari ya mtu mmoja aliyesafiri njia hiyo. Mwaka 1929 Chama cha Wakikuyu kilichoitwa Kikuyu Central Association kilikuwa na madai juu ya ardhi, juu ya elimu, na juu ya Waafrika kupata wajumbe wao katika Baraza la kutunga sheria. Wanachama walichanga fedha, wakamtuma katibu wao apeleke maneno hayo London. Katibu huyo alikuwa Johnstone Kenyatta, yule ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Jomo Kenyatta. Alipanda meli ya Kifaransa Mombasa katikati ya Februari 1929, akafika London mapema mwezi wa Machi. Hakurudi nyumbani mpaka Septemba 1930. Yaani waliochanga senti zao walingoja zaidi ya mwaka mmoja na nusu wamwone mjumbe wao.

Hapo ndipo pa kutazama vizuri. Gavana wa Kenya naye alikuwa na maneno ya kupeleka London, lakini hakuhitaji meli. Waya wa simu ulikuwa umelazwa chini ya bahari kutoka Aden mpaka Unguja mwaka 1879, na kutoka Unguja mpaka Mombasa mwaka 1890. Gavana alipoandika maneno yake, mtumishi wa simu aliyapiga, na London iliweza kuyasoma siku ile ile. Wakubwa wa London wakiwa tayari wamesikia upande mmoja, yule wa upande wa pili angali melini, anaangalia samaki. Nadhani jambo hili halielezwi vya kutosha katika vitabu vya historia ya Kenya.

Ndege zilikuwa zimekwisha kuanza kujaribiwa. Mwaka 1920 askari wawili wa Afrika ya Kusini, van Ryneveld na Brand, waliondoka Uingereza tarehe 4 Februari ili wafike Cape Town. Walivunja ndege mbili njiani, ya kwanza kaskazini karibu na mto Nile, na ya pili Bulawayo, wakafika tarehe 20 Machi kwa ndege ya tatu. Ile ya Bulawayo yafaa tuikumbuke. Mji ule uko juu, na Nairobi iko juu kuliko huo, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Mahali pa juu hewa ni nyembamba, na jua likiwaka hewa huzidi kuwa nyembamba. Ndege hubebwa na hewa. Hewa ikipungua, ndege huwa na taabu ya kuinuka, na huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuondoka chini. Mtaona baadaye kwamba jambo hili liliendelea kuwasumbua watengeneza ndege kwa miaka mingi.

Safari za kawaida zilianza tarehe 28 Februari 1931. Kampuni ya Imperial Airways ilipeleka ndege kutoka kiwanja cha Croydon, karibu na London, na mwisho wa njia ulikuwa Mwanza, katika Tanganyika. Ndiyo, ndugu zetu wa Mwanza, ninyi ndio mliokuwa mwisho wa njia! Mwanzoni abiria waliishia Khartoum, na zaidi ya hapo zilikwenda barua tu. Mwaka uliofuata, 1932, njia ikaendelea mpaka Cape Town, ikapita Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapa pana fundisho. Ndege zile, ambazo wazee wetu waliziita eropleni, zilikwenda kama kilomita 150 kwa saa. Gawanyeni 6,800 kwa 150. Jibu ni saa 45 na kitu, yaani chini ya siku mbili. Lakini safari ya kutoka London mpaka Nairobi ilichukua karibu juma zima. Siku nyingine zilikwenda wapi?

Zilikwenda chini, ardhini. Ndege zile hazikuruka usiku, kwa hiyo kila jioni zilitua na abiria wakalala hotelini. Tangi la petroli lilikuwa dogo, kwa hiyo zilitua tena mchana, mara mbili au tatu, kujaza. Mahali pengine abiria walibadilisha ndege, kutoka ile ya kutua nchi kavu mpaka ile ya kutua majini, kisha wakabadilisha tena. Kubwa kuliko yote, Serikali ya Italia haikuwa tayari kuwaachia Waingereza wapite katika anga yake kama walivyotaka. Basi abiria walioondoka London kwa ndege waliteremka Paris, wakapanda gari la moshi mpaka Brindisi, kusini kabisa mwa Italia, na huko ndiko walikopanda ndege tena. Tazameni ramani mwone urefu wa reli hiyo. Watu walilipa nauli kubwa ya ndege, wakakaa siku mbili katika gari la moshi!

Mwaka 1937 ndege mpya kubwa za kutua majini zilianza kufanya kazi kutoka Southampton mpaka Durban. Zilishuka mtoni Nile, zikashuka Port Bell na Kisumu katika ziwa Victoria, halafu Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Wazee wa pwani waliokuwa watoto wakati ule waliziona zikilima maji bandarini kama nyangumi. Mtu aliweza kufika Kisumu kwa siku nne hivi. Tena barua zote za daraja la kwanza zikachukuliwa kwa ndege bila ada ya ziada, na hii ilikuwa faida kwa mtu wa kawaida aliyekuwa na ndugu au rafiki ng'ambo.

Lakini je, Nairobi? Nairobi haina ziwa wala mto wa kutosha. Basi mji mkuu wa Kenya ukawekwa kando ya njia kuu. Abiria na barua za Nairobi zilishushwa Kisumu, zikachukuliwa na ndege ndogo za Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na mama mmoja, Florence Kerr Wilson. Hata baada ya vita ya pili, kwa muda, ndege za namna hiyo zilitua katika ziwa Naivasha, na abiria wakateremka Bonde la Ufa kwa hesabu ya ndege, wakapanda tena ukingo wake kwa motokaa ili wafike Nairobi.

Nimetaja vita. Mwezi wa Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Wajerumani, na njia ya Bahari ya Kati ikafungwa. Kilomita zilikuwa zile zile 6,800, lakini barua ya kutoka Nairobi ilipaswa kuzunguka sana ili ifike London, na meli zilirudi kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema kama kabla ya Suez kuchimbwa. Njia iliyofupishwa kwa miaka kumi ilirefushwa kwa siku moja.

Vita ilipokwisha, mambo yalikwenda upesi. Shirika la East African Airways lilianza mwaka 1946 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Ndege za mapangaboi zilizotua kiwanja cha Eastleigh zilifika kutoka London kwa muda wa siku moja na zaidi kidogo. Halafu tarehe 2 Mei 1952 ikaja ndege ya namna nyingine kabisa, isiyo na mapangaboi, iliyosukumwa na moto wa gesi. Jina lake Comet. Siku ile iliondoka London ikafika Johannesburg kwa muda usiotimia saa 24, ikitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone.

Comet iliruka juu sana, mahali ambapo mtu hawezi kuvuta pumzi. Kwa hiyo ndani yake ilijazwa hewa, kama mpira wa miguu. Ikipanda, ubavu wake ulitanuka kidogo, ikishuka, ukarudi. Chukueni kipande cha waya mkikunje huku na huku mara nyingi. Mwishowe hukatika, ijapokuwa hamkutumia nguvu. Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 10 Januari 1954 Comet moja ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu 35 wote waliokuwamo. Ndege iliyopasuka ndiyo ile ile iliyofungua njia ya Johannesburg. Tarehe 8 Aprili mwaka ule ule nyingine ikaanguka baharini kusini ya Italia, wakafa watu 21. Comet zote zikasimamishwa. Mafundi wa Uingereza wakaitumbukiza Comet katika tangi la maji, wakaijaza na kuipunguza tena na tena mpaka ubavu wake ukapasuka mbele ya macho yao. Wakajua kwamba bati lilikuwa limechoka. Ndege za abiria zilizotengenezwa baadaye, katika nchi zote, zilifaidika na ujuzi huo. Saa tunazookoa leo zililipiwa na watu wale.

Na kuna wengine waliolipa, ambao majina yao hayakuandikwa mahali popote kiwanjani. Ndege mpya nzito zilihitaji njia ndefu ya kukimbilia, hasa Nairobi, kwa sababu ya ile hewa nyembamba tuliyoisema. Eastleigh hapakutosha. Serikali ikachagua uwanda wa Embakasi. Wakati huo nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau, na maelfu ya watu walikuwa wamefungwa vizuizini. Pale Embakasi palikuwa na gereza, na mahabusi na wafungwa ndio waliotolewa kila siku kuvunja mawe, kuchimba na kusawazisha ardhi kwa mikono. Kiwanja kilifunguliwa na Gavana Baring mwezi wa Mei 1958. Wageni walisifu upana wake.

Miezi 20 baadaye, Januari 1960, wajumbe wa Kenya walikwenda London kwa mkutano wa Lancaster House. Upande wa Waafrika kiongozi alikuwa Ronald Ngala, na katibu Tom Mboya. Hali ya Hatari ilikuwa imeondolewa tarehe 12 Januari, na mkutano ulifunguliwa tarehe 18. Huko ndiko ilikokubaliwa kwamba Waafrika watakuwa wengi katika Baraza la kutunga sheria. Mkumbuke kwamba wanasiasa hawa walikwenda London na kurudi mara nyingi katika miaka ile, mikutano ikifuatana. Kama kila safari ingalikuwa ya majuma matatu baharini, kwenda na kurudi ni karibu mwezi mmoja na nusu, mikutano isingaliweza kufuatana hivyo, wala wananchi wasingalipata majibu upesi hivyo. Safari hii gavana hakuwatangulia kwa waya, kwa maana wote waliketi meza moja.

Kenyatta mwenyewe hakuwako mwaka 1960, kwa kuwa alikuwa bado amewekwa kizuizini kaskazini. Aliachiliwa Agosti 1961. Februari 1962 alikuwa London katika mkutano wa pili, safari hii kwa ndege, miaka 33 tangu mwezi ule wa Februari alipopanda meli Mombasa na fedha za mchango mfukoni.

Yaliyobaki tuyapitie haraka. Mwaka 1960 East African Airways ilipata Comet za namna mpya, zenye ubavu imara, ikaanza kuzipeleka London. Mwaka 1966 ilipata Super VC10, ndege iliyotengenezwa makusudi kwa viwanja vya juu na vya joto kama Embakasi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika lile likafa pamoja nayo. Kila nchi ikaanza shirika lake. Baadaye zikaja ndege zenye matangi makubwa, ambazo hazina haja ya kutua Khartoum wala Rome.

Lakini msidhani kwamba sasa njia ni ya moja kwa moja daima. Mwezi wa Aprili 2023 vita vilizuka Sudan, na anga ya nchi ile ikafungwa. Ndege za Nairobi na London zikalazimika kuizunguka, na safari ikarefuka. Abiria aliyekuwa akitazama ramani katika kiti chake aliona ndege inapinda mbali na Khartoum, mji ambao abiria wa mwaka 1931 walilala.

Na sasa kazi ya darasa, chukueni kalamu. Saa za miji hii hazilingani. Wakati wa baridi huko Ulaya, saa ya Nairobi huitangulia ya London kwa saa tatu. Ndege ikiondoka Nairobi saa tatu asubuhi, ikasafiri saa tisa, itafika saa ngapi kwa saa ya London? Msiseme saa kumi na mbili jioni. Hiyo ni saa ya Nairobi. Ondoeni tatu, mtapata saa tisa alasiri. Sasa fanyeni wenyewe ya kurudi: ndege inaondoka London saa kumi na mbili jioni, inasafiri saa nane na nusu. Itatua Nairobi saa ngapi kwa saa ya Nairobi? Walio na jibu la saa kumi na moja na nusu alfajiri wamepata. Wengine warudie hesabu, na mwalimu awasaidie kwa kuchora saa mbili ubaoni, moja ya Nairobi na moja ya London.